Mkate wa Theopisti

Pavia, 6 Oktoba 1991

Dada Asimina,

Nimefika mzima, na sanduku moja. La pili meli ililipeleka Mungu anajua wapi, likanifuata siku nne baadaye linanuka dizeli. Mwambie mama chupa ya asali haikupasuka. Zeituni, usiniulize.

Koleji ya Santa Pelagia ni jumba la ghorofa tatu lenye ua katikati, na humo ndani tuko wasichana themanini na wanne. Tunakula pamoja, tunasoma pamoja, tunagombania bafu pamoja. Na kuna sheria, dada! Mimi niko mwaka wa tatu kwetu, nimekuja huku kwa kubadilishana mwaka mmoja tu, lakini wakubwa wamekata shauri kwamba aliyeingia mlangoni mwaka huu ni kuruta, basi. Kuruta hakanyagi zulia la ngazi kuu, anapita pembeni kama paka. Kuruta anawamiminia wakubwa maji mezani na hakai mpaka waseme kaa. Juzi wamenipandisha juu ya kiti nikaambiwa niimbe cha kwetu. Nikaimba ule wa baba anaouimba akipanga mawe. Walikuwa wamejiandaa kunicheka, wakaishia kusikiliza. Tangu siku hiyo jina langu ni Jibini, maana Mgiriki kwao ni jibini tu.

Mlangoni yuko mama mmoja, Bi Iride. Yeye ndiye mwenye funguo zote, barua zote, na simu pekee ya jumba zima. Kila asubuhi ananiuliza, "We Mgiriki, umekula?" Ukisema hapana anakufokea utadhani umemwibia kuku.

Kiitaliano ulichonifundisha jikoni kimenivusha, lakini ni cha vitabuni mno. Mezani nilimwomba Loredana, ninayekaa naye chumba kimoja, "anijalie chumvi." Alicheka mpaka akapaliwa.

Baba anaendeleaje na kile kikohozi? Asikudanganye kwamba ni vumbi la mawe tu. Mpeleke hospitali, hata kwa kumburuta.

Mdogo wako,
Polixeni


Kato Lakka, 27 Oktoba 1991

Mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa mama, maana aliambiwa asali imefika akataka kusikia tena. Baba anasema wimbo wake umeuimba vibaya. Nikamwambia hukuwepo, umejuaje? Akasema anamjua binti yake, sehemu ya juu lazima ulikwepa.

Kwa daktari wa Filiates tumekwenda. Amepewa dawa, anazinywa siku ninayosimama mbele yake, siku nyingine anakunywa mvinyo na mwenzake Zisis na kusema ndiyo tiba. Anakohoa, lakini ubishi wake uko palepale.

Simu ya kijiji bado ni ile ile ya mkahawani kwa Zisis. Ukitaka kupiga, piga Jumapili saa tano, tukitoka kanisani, nitakuwa nimesimama pale. Baba usimwite. Unajua akishika simu anapiga kelele kama anayeita mbuzi ng'ambo ya bonde, na wewe unalipia kila sekunde.

Kuhusu Kiitaliano changu, ulitaka nini? Chuoni Thesaloniki nilikisoma muhula mmoja tu. Ningekaa zaidi ningekufundisha hadi matusi.

Soma, Polixeni. Usiwe unaangalia nyuma kila wiki. Huku tupo, hatuhamishwi.

Dadako,
Asimina


Pavia, 3 Desemba 1991

Dada,

Ukungu wa hapa sijawahi kuuona. Wiki ya pili sasa sijaliona paa la kanisa lililo mbele ya dirisha langu. Nakwenda maabara kwa kufuata ukuta kwa mkono.

Nataka kurudi Krismasi. Nimekwisha uliza: koleji inafungwa tarehe ishirini na moja. Treni hadi Brindisi, meli hadi Igumenitsa, kesho yake niko nyumbani nakula. Siku mbili tu! Loredana amenialika kwao milimani, wana ng'ombe na theluji, na ni msichana mwema sana. Lakini jana mezani walileta supu ya maharage, nikaikumbuka ya mama, machozi yakanitoka mbele ya wakubwa. Mkubwa wetu Ornella, yule anayetutesa kuliko wote, akasema kwa sauti, "Jibini linayeyuka." Meza nzima ikacheka, na mimi nikacheka, lakini, dada, nilikuwa nalia kwelikweli.

Nataka kumwona baba. Sijui kwa nini, tangu wiki iliyopita namwota. Niambie nije.

Polixeni


Kato Lakka, 11 Desemba 1991

Mdogo wangu,

Usije. Barabara ya juu imefunga kwa theluji, basi linaishia Filiates, na mabaharia wanatangaza mgomo. Utakwama bandarini sikukuu nzima ukila biskuti.

Halafu hata ungekuja, baba humkuti. Amepata kazi upande wa Paramithia, ukuta wa kanisa, watu wa huko wamemng'ang'ania mpaka Januari. Unajua akishaonja jiwe zuri hakumbuki nyumbani. Nenda kwa Loredana, ukaone hao ng'ombe. Unywe maziwa, umekonda kwenye ile picha uliyotutumia.

Mama anakubusu. Mtihani wa Februari ndio wa kuuangalia sasa.

Asimina


Kato Lakka, 11 Desemba 1991

Kwa Bi Iride wa mlangoni, Koleji ya Santa Pelagia

Bi Iride mheshimiwa,

Unisamehe makosa ya lugha. Mimi ni dada mkubwa wa Polixeni, na hatujuani, ila yeye anakutaja katika kila barua.

Baba yetu ni mwashi. Miaka arobaini amechonga mawe na vumbi limemla mapafu. Madaktari wa Yanina wamemrudisha nyumbani wiki iliyopita, wamesema tumkalishe vizuri tu, hakuna zaidi. Labda atafika Machi, labda hatafika. Polixeni hajui. Baba mwenyewe ameagiza asiambiwe kabla hajamaliza mitihani, maana mwaka huu kwake ni kila kitu.

Ninaogopa mtu wa huku atapiga simu au atatuma telegramu, watu wa kijijini wana midomo. Nakuomba, kama mwanamke kwa mwanamke: ikija simu isiyo ya Jumapili saa tano, sema hayupo. Ikija barua isiyo na mwandiko wangu, iweke.

Asimina


Pavia, 20 Desemba 1991

Binti,

Kiitaliano chako ni kizuri kuliko cha mkurugenzi wetu, kwa hiyo usijidai kuomba msamaha.

Ombi lako sijalipenda. Miaka ishirini na sita nimekaa kwenye kidirisha hiki, nimewapa wasichana habari za kila namna, za ndoa, za misiba, nimewashika wakianguka. Sijawahi kumficha mtu barua. Lakini ukisema ni agizo la mgonjwa, mimi ni nani? Mume wangu naye aliniagiza mambo ya ajabu nikayafanya yote.

Ameondoka leo na yule wa milimani. Amevaa kofia ya kuazima iliyomshukia mpaka puani. Akanibusu mashavu yote mawili akasema, "Bi Iride, nitakuletea siagi." Binti, nilishindwa kumtazama. Nimefanya ulivyotaka, ila usinifanye nifanye kwa muda mrefu.

Iride Zucchetti


Kato Lakka, 8 Februari 1992

Bi Iride,

Baba alifariki Jumatano alfajiri. Tumemzika juzi.

Nakuomba uendelee kama tulivyosema. Najua yuko kwenye mtihani wiki hii hii. Akishafika Juni nitamwambia mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, atakaposhuka melini.

Asimina


Pavia, 9 Februari 1992

Dada! Mama! Baba!

Someni kwa sauti, na Zisis aite watu! Ishirini na nane kwa thelathini! Mtihani wa mdomo, mbele ya profesa ambaye mwaka jana alimfukuza mtu kwa sababu alipiga chafya. Aliniuliza, nikajibu, akauliza tena, nikajibu, mwisho akavua miwani akasema, "Huko kwenu mnasomea wapi?" Nikasema, "Jikoni, profesa."

Nimetoka nje nikakuta koleji nzima inanisubiri kwenye nguzo, na Ornella mbele. Wamenivua ukuruta. Yaani wamenimwagia ndoo ya maji, wakanivisha shada la majani ya jikoni, wakanipandisha ngazi kuu katikati ya zulia, wanaimba. Jana, dada, nimekanyaga zulia! Miguu inachuruzika maji, meno yanagongana, na nikawaza, baba angeona hii ngazi angeipapasa kwanza, angeuliza nani kachonga.

Mwambie baba ngazi ni ya marumaru ya rangi ya waridi, na kingo zimeliwa katikati kwa nyayo. Mwambie nimepata ishirini na nane. Halafu uniandikie alivyosema, neno kwa neno, hata kama ni tusi.

Nina furaha mpaka naona aibu.

Polixeni
(Siitwi Jibini tena, sasa ni Bi Jibini.)


Kato Lakka, 20 Februari 1992

Mdogo wangu,

Hongera. Hongera sana.

Nimemsomea. Amesema marumaru ya waridi ni laini, haifai kwa ngazi, waliojenga walikuwa matajiri wavivu. Halafu amesema hajashangaa na ishirini na nane, ila anataka kujua ile mbili imebaki wapi.

Mama ana maumivu ya sikio, ndiyo maana haji kwenye simu siku hizi. Usijali. Kuna baridi.

Asimina


Kato Lakka, Ijumaa Kuu, 24 Aprili 1992

Mdogo wangu,

Pasaka ya huko kwa Wakatoliki imepita, yetu ni keshokutwa, na sitaki ukae kwa watu bila hata kipande cha mkate wa Pasaka. Huu hapa, nimeufunga kwa vitambaa viwili usivunjike. Kula na wenzako. Kristo akifufuka useme na sisi, hata kama ni peke yako chumbani.

Juni haiko mbali.

Asimina


Pavia, Jumatatu 4 Mei 1992

Asimina,

Mzigo umefika leo asubuhi. Niliufungulia pale pale kwa Bi Iride, na Loredana, na Ornella, kila mtu ana hamu. Nilitafuta yai jekundu la Pasaka. Halikuwemo. Nikasema, aa, lingepasuka njiani. Nikaumega mkate niwagawie.

Una ganda la chungwa ndani.

Mama hatii chungwa. Wewe hutii chungwa. Katika kijiji chote anayetia chungwa ni Theopisti wa kisimani, na mama na Theopisti hawajapeana hata chumvi tangu mimi sijazaliwa. Mama angetafuna mawe kabla ya mkate wa Theopisti. Nimesimama nao mkononi, nimejiuliza mkate wa Theopisti umeingiaje nyumbani kwetu Pasaka. Na jibu mimi nalijua, wewe unalijua, kila mtoto wa Lakka analijua. Nyumba iliyofiwa haiwashi tanuri Pasaka wala haipaki mayai rangi. Majirani ndio wanaoleta mkate, hata walio maadui.

Nikamwambia Bi Iride nipe simu. Akasema leo si Jumapili. Nikamwambia nipe simu! Akanipa. Akatoka nje akaniachia kidirisha, nikajua na yeye anajua.

Zisis alipokea. Nikamwambia, "Mzee Zisis, ni Polixeni, niitie baba." Akasema, "Leo ndiyo unamkumbuka?" Akakata.

Lini? Niambie tarehe. Nilikuwa wapi siku hiyo, nilikuwa nafanya nini, nilikuwa nacheka? Wewe uliniandikia kuhusu marumaru! Uliyachukua wapi maneno yale? Nilimsomea kila mtu hapa, nikacheka kwa ajili ya ile mbili, Asimina, nilicheka wiki nzima!

Na kwa nini Zisis ananiongelesha vile?

Polixeni


Pavia, 6 Mei 1992

Binti,

Nilikuonya.

Hali chakula. Yule wa milimani anamlisha supu kwa kijiko kama mgonjwa, anameza vijiko vitatu na kugeukia ukutani. Jana usiku nikaambiwa ameteremka chumba cha kulia. Ornella, mkubwa wao, ambaye mimi binafsi nimekuwa nikitamani kumchapa tangu Oktoba, alisimama, akachukua jagi, akazunguka meza nzima, akammiminia maji yeye kwanza. Hapa hilo halijawahi kufanyika, mkubwa kumhudumia wa mwaka huu. Polixeni akanywa.

Mimi hanisemeshi. Anapita mbele ya kidirisha anaangalia sakafu. Nimestahili.

Jambo moja tu ameniuliza, leo asubuhi: "Ni kweli baba ndiye aliyeagiza?" Nikamwambia ndivyo dada yako alivyoniandikia. Ameondoka. Sasa nakuuliza mimi, mwanamke kwa mwanamke, kama ulivyosema mwenyewe. Ndivyo?

Iride Zucchetti


Kato Lakka, 13 Mei 1992

Polixeni,

Sivyo.

Baba alifariki Jumatano, tarehe tano Februari, kabla ya jua kutoka. Wewe ulikuwa na siku tatu kabla ya mtihani. Maneno ya marumaru nimeyatunga mimi, na nilipoyatunga alikuwa na wiki mbili kaburini.

Hakuagiza usiambiwe. Alikuulizia. Tangu Jumapili alipoanza kushindwa kunywa, kila mlango ukilia alisema, "Ameingia?" Nikamwambia uko njiani. Jumatatu nikamwambia bahari imechafuka, meli imezuiwa Brindisi. Jumanne akaniambia, "Bahari gani hiyo, ninyi watu?" Nikamwambia imetulia, unapanda kesho. Akasema vizuri, afunge kichwa, upepo wa sitahani mbaya. Ndilo la mwisho alilosema la kueleweka.

Mama na watu wote wanadhani ulipata habari. Nilijifanya kwenda Filiates kutuma telegramu. Walichelewesha maziko kwa ajili yako, jeneza liko wazi, padre anaangalia saa. Mwishowe nikasema umejibu huwezi, una mtihani. Ndiyo sababu Zisis amekujibu vile. Ndiyo sababu mama haji kwenye simu, sikio lake ni zima. Barua yako ya ishirini na nane sikumsomea. Ningemsomeaje? Nimekupaka matope mbele ya watu wote unaowajua.

Sasa nikwambie kwa nini, halafu ufanye utakavyo.

Bibi alipofariki mimi nilikuwa Thesaloniki, muhula wa kwanza, umri wako kasoro miaka miwili. Nilikuja kwa siku tatu. Niliacha chumbani nguo zangu zimeanikwa, kitabu kimefunguliwa juu ya kitanda. Baada ya maziko wakasema, subiri arobaini, ni aibu kuondoka kabla ya arobaini. Baada ya arobaini mama akaugua mgongo. Halafu wewe ulikuwa mdogo, nani atakupeleka shule? Hakuna aliyenifunga kamba, Polixeni. Hakuna aliyesema usirudi. Kila mtu alikuwa na huruma, na kila siku kulikuwa na jambo moja dogo la kumalizia. Zile siku tatu sasa ni miaka kumi na moja. Nguo zangu walinitumia kwa basi.

Nilijua ungekuja, ungemshika mama, mama angekushika, na mlango ungefungwa kwa upole vile vile. Nikasema huyu hapana. Huyu hata kama atanichukia.

Lakini nilimwona baba akiangalia mlango. Hilo sikulipiga hesabu. Nilidhani nitaweza, na nilikuwa na jina lako mdomoni, simu iko hatua mia moja tu, na Jumapili ile bado ungewahi, Polixeni, ungewahi. Sikwenda.

Sasa unajua. Ukitaka nimwambie mama, nitamwambia siku nitakayopata barua yako. Ukitaka nimwambie Zisis mbele ya mkahawa mzima, nitasimama nimwambie.

Asimina


Pavia, 24 Mei 1992

Asimina,

Nilifunga sanduku mara mbili. Mara ya kwanza Loredana alilifungua, ya pili nililifungua mwenyewe.

Siwezi kukuambia nimekusamehe. Nikisema nimekusamehe nitakuwa nakuongopea, na uongo umetosha baina yetu. Naamka asubuhi nimekasirika, napiga mswaki nimekasirika, nasoma kemia nimekasirika, halafu katikati ya ukurasa nakuona umesimama kituo cha basi unapokea mfuko wa nguo zako mwenyewe. Nilikuwepo, unakumbuka? Nilikuwa na miaka tisa. Nilifurahi sana kwamba hukuondoka. Nilikurukia.

Mama usimwambie.

Nimefikiri sana. Mimi niko mbali, hasira yake itanifikia kwa posta, na nikija nitakaa wiki chache na kuondoka. Wewe unakula naye meza moja, unamvisha viatu. Akijua, mtaishi vipi ndani ya nyumba ile? Atakuwa hana mume, hana mimi, na wewe atakuwa anakutazama kila siku.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili, ni ya mama. Msomee kama ilivyo, usibadilishe hata nukta, nakujua. Nimemwandikia hivi: "Mama, nilipata habari. Nilijua baba anakufa, dada aliniita, nikachagua mtihani. Ni kosa langu na sina la kujitetea. Nitakuja tarehe ishirini na sita Juni. Ukitaka nisiingie ndani nitakaa kwa Theopisti."

Mtihani wa mwisho ni tarehe kumi na tisa. Nitaufanya. Si kwa ajili yako wala ya baba. Nimeanza, nataka kumaliza.

Bi Iride nimemsemesha jana. Aliniuliza, "Umekula?" Nikamwambia nimekula. Akalia yeye.

Polixeni


Kato Lakka, 4 Juni 1992

Polixeni,

Ni mimi mama yako ninayesema, Asimina anaandika.

Karatasi yako nimesomewa. Siku mbili sikufungua mdomo, hata kuku niliwalisha kimya. Leo nimesema hapana, nitasema, nisije nikapasuka.

Baba yako alikufa anakuulizia. Nataka ulijue hilo. Usije ukaambiwa alilala tu kama mtoto. Alikuwa anatazama mlango. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani nimeshika miguu yake imekuwa baridi, na nilikulaani, mwanangu. Kwa kinywa changu, Mungu alinisikia. Baadaye nilikwenda kwa padre nikaiondoa, lakini niliisema.

Sijui mtihani ni kitu gani. Mimi sikuuona hata mlango wa shule. Labda ni kitu kikubwa, labda mtu mwenye akili atanielewesha. Lakini uje. Kwa Theopisti hukai, wewe una kwenu. Utaingia, utakula, utakwenda kaburini tukiwa pamoja ili watu wakuone na mimi, na atakayekutupia neno nitapambana naye mimi. Mama ni mimi, si Zisis. Kugombana nitagombana nawe ndani, mlango ukiwa umefungwa.

Ila nataka umshukuru dadako. Huyu hakuniacha hata siku moja. Alikuwa anamfariji baba yako, anamwambia yuaja, yuaja, meli imechelewa, ili asife na uchungu wako. Wewe ulikataa, yeye akakufunika. Mwaka mzima huu nimesema, Mungu aliniacha na huyu, asiye na uongo, na

Polixeni, hapa ni mimi.

Bado anasema. Anasema maneno mazuri juu yangu, moja baada ya lingine, nami nimeacha kuyaandika. Karatasi yako nilimsomea bila kubadilisha nukta, kama ulivyotaka, nikaona uso wake unavyojifunga juu yako, nikanyamaza. Nilidhani nitaweza na hilo pia.

Ameniuliza mbona kalamu imesimama. Ameona nalia, anadhani ni kwa ajili ya baba, amenishika mkono anausugua kama nilipokuwa mtoto.

Ngoja nimwambie.

Asimina